Polisi imekimbia, banderoli imeharibika: uzi wa maandishi juu ya picha (Photoshop, GIMP, simu)

KalkeYaJuu (Bukavu)

Wakuu, salamu toka Kadutu. Mimi ni infografe. Natengeneza mialiko ya harusi, matangazo ya misiba, kalenda za parokia na banderoli za kila sherehe. Picha hazijawahi kunisumbua sana. Kilichonila pesa miaka yote ni maandishi juu ya picha, na kwa kuwa kila wiki kuna kijana ananifuata faraghani na maswali yale yale, nayamwaga yote hapa.

Nianze na aibu yangu. Kiangazi kilichopita mama mmoja wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) aliniagiza banderoli ya mita 3 kwa 1. Neno kubwa lilikuwa FÉLICITATIONS, kwa polisi ya madoido niliyoipakua usiku uleule. Nikaweka faili ya PSD (ile ya kazi ya Photoshop) kwenye flashi, nikampelekea mchapaji. Jioni mama ananipigia: tarehe imebadilika, si 14, ni 15. Nikamwambia mchapaji aguse hiyo namba tu. Akagusa. Mashini yake haikuwa na polisi yangu, Photoshop ikamuuliza kama iweke nyingine, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Na kwa uvivu wangu nilikuwa nimeandika kila kitu ndani ya kalke moja! Maneno yote yakavaa polisi nyingine nene, mistari ikasukumana, jina la kikundi likaangukia nje ya kisanduku na kupotea. Bashi ikachapwa hivyo hivyo. Ya pili niliilipa mimi, na mama yule hadi leo akinikuta Nyawera anacheka.

Naendelea chini.

---

MtotoWaIlala (Dar)

Mkuu, nimefungua uzi mbio nikijua mmekamatwa. Polisi gani hao wanakaa ndani ya Photoshop? Na kalke ndiyo nini?

---

KalkeYaJuu

Hahaha. Kaka, huku tumejifunza programu hizi kwa Kifaransa. Polisi ni fonti, kalke ni leya, yaani tabaka. Bashi ni lile turubai la plastiki la banderoli. Mtanivumilia.

Tuendelee. Jambo la kwanza kuelewa: maandishi ndani ya Photoshop si picha. Ni maagizo. Faili inasema "hapa pana neno fulani, polisi fulani, ukubwa fulani", na mashini inachora herufi upya kila unapobadilisha. Ndiyo maana unaweza kuyakuza yasichakae. Siku unapoyapikselisha, umeyageuza kuwa rangi iliyokauka. Huwezi tena kusahihisha tarehe, na ukiyakuza kingo zinakuwa ngazi ngazi. Vijana wengi wanapikselisha mapema kwa sababu programu imewakatalia kupaka brashi au kuweka kichujio. Usifanye haraka. Rudufu kalke kwanza, ile ya asili ifiche kwa kubonyeza jicho lake, uharibu nakala.

La pili linatokana na msiba wangu hapo juu. Faili yenye polisi isiyopo, Photoshop ikiifungua inaonyesha sura ile ile ya zamani na kuweka alama ya onyo kwenye kalke. Unaona kila kitu kiko sawa, unajisahau. Tatizo linalipuka pale mtu anapogusa maandishi. Kwa hiyo mchapaji simpi tena PSD ya kazi. Ninabaki nayo nyumbani, maandishi yakiwa hai, kila habari kwenye kalke yake: tarehe peke yake, mahali peke yake, jina peke yake. Yeye nampa PDF iliyotoka Photoshop, maana inabeba polisi ndani yake na herufi zinabaki kali. Akiwa lazima apewe PSD, narudufu faili na kugeuza maandishi kuwa umbo. Hapo hayahitaji polisi tena, na kingo zinabaki laini hata akikuza.

Onyo dogo hapa. Ukiwa umebonyeza unene wa bandia (ile T nene kwenye paneli ya herufi), Photoshop itakataa kuyageuza kuwa umbo. Nilihangaika nusu siku kabla ya kujua. Chukua polisi yenye unene wake halisi.

---

Goma_Chukudu (Goma)

Mukubwa, aksanti. Mi natumia GIMP sababu ni ya bure. Hayo yote yanafanya kazi vilevile?

---

KalkeYaJuu

Karibu sana, ila ina tabia zake. Ndani ya GIMP, ukichukua kalke ya maandishi ukaizungusha au kuikuza kwa zana nyingine, halafu ukarudi kubadilisha neno, inakuonya kwamba mabadiliko yale yatapotea. Watu wengi wanabonyeza bila kusoma, kisha wanasema GIMP mbaya. Ukitaka herufi kubwa, badilisha namba ya ukubwa kwenye zana yenyewe. Usivute kwa mkono.

Ukingo wa rangi kuzunguka herufi, kwenye toleo la 2.10 unafanywa kwa kuzunguka: bonyeza kulia juu ya kalke, geuza alfa kuwa uteuzi, panua uteuzi kwa pikseli 4 au 5, fungua kalke mpya chini ya maandishi, jaza rangi. Inapendeza, lakini ukibadilisha neno ukingo haufuati, kwa hiyo ifanye mwisho kabisa. GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 imeweka ukingo ndani ya zana ya maandishi yenyewe. Kama mashini yako inaibeba, hamia huko leo.

Na GIMP haijihifadhi yenyewe. Photoshop ina nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, unaweza kuishusha hadi 5. Kuran (umeme) ya huku mnaijua. Ctrl+S iwe kama kupepesa macho.

---

Katuba243 (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Swali yangu ni ya ukubwa. Naandika 24, kwenye faili moja herufi ni kubwa, kwenye nyingine kama chungu. Programu imelewa?

---

KalkeYaJuu

Haijalewa, papa. Pointi ni kipimo cha karatasi, si cha skrini. Inchi moja ina pointi 72. Faili ikiwa na pikseli 72 kwa inchi, herufi ya pointi 12 inapewa pikseli 12. Faili ikiwa na 300, ile ile inapewa pikseli 50. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote angalia faili yako ni ya ukubwa gani. A4 ya kuchapa ni pikseli 2480 kwa 3508 kwa 300. Banderoli ya mita 3 kwa 1 haihitaji 300, inatazamwa toka mbali: kwa 100 unapata pikseli 11811 kwa 3937, na mashini ya kawaida inaweza kuhema lakini itafika. Ukiwa GIMP, zana inapima kwa pikseli mpaka uibadilishe.

Kuna kosa nalichukia kuliko yote: kijana anabuni banderoli kwenye faili ndogo ya simu, anaikuza mwishoni. Maandishi yaliyokwisha kupikselishwa hayakui, yananenepa tu.

Na herufi iwe kubwa kiasi gani? Waandika vibao wana kanuni ya zamani: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Banderoli inayosomwa toka mita 30, herufi ya habari kuu isipungue sentimita 25. Sasa pima ile banderoli uliyojaza namba tano za simu na mistari miwili ya Biblia.

---

MzeeWaRisasi (Bukavu)

Vijana, nimesoma kimya, hapa naomba niingie. Nilianza kupanga herufi za madini ya risasi kwenye nyumba ya uchapaji ya misheni, kabla kompyuta hazijafika kwetu. Pointi tuliyotumia ilikuwa ya Didot, kama milimita 0.376. Hii ya kompyuta ni milimita 0.353. Ndiyo maana mtu akiniletea kitabu cha zamani aseme "nirudishie kwa pointi 10 kama humu", nikimwekea 10 ya kompyuta anaona nimempunja.

Na nafasi kati ya mistari, ninyi mnaivuta kwa kipanya. Sisi tulikuwa tunachomeka vipande vyembamba vya risasi kati ya mistari. Kipande kikikosekana, mistari inalaliana. Nawaona mnalaza mistari hivyo hivyo kwa makusudi, mnaita fasheni.

Jambo moja la kuchapa ambalo kijana hajasema. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa kwa ajili ya kuchapa inaweza kuwa mchanganyiko wa wino nne. Kwenye herufi kubwa haina shida. Kwenye herufi ndogo za mwaliko, karatasi ikisogea kidogo tu kati ya rangi na rangi, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu. Maandishi madogo yawe nyeusi tupu, asilimia 100 ya wino mweusi, zile tatu ziwe sifuri.

---

KalkeYaJuu

Shikamoo Mzee. Aksanti sana, hiyo ya nyeusi nilikuwa naijua nusu. Na ile ya mistari kulaliana nimekubali, natubu.

---

MamaMialiko (Goma)

Mdogo wangu, kwangu kinachonitesa ni herufi zenye alama. Napata polisi nzuri ya harusi, naandika "Émérance na Françoise", naona visanduku vitupu. Mabibi harusi wawili wamenikasirikia.

---

KalkeYaJuu

Yaya, hapo umegusa kidonda cha Kongo nzima. Polisi nyingi za madoido za bure zilichorwa kwa A mpaka Z basi. Mchoraji hakumfikiria Françoise. Kwa hiyo kabla sijaipenda polisi yoyote, naandika kwanza: É È À Ç Œ œ, halafu ng'ombe. Ikianguka hapo, naifuta siku hiyo hiyo, hata iwe nzuri namna gani. Usikubali programu ikuchanganyie, kwamba É imetoka polisi nyingine na herufi jirani zake polisi yako. Jicho la mama mkwe linaona.

Wengine wanakwepa kwa kuacha alama kwenye herufi kubwa: "EMERANCE". Kwa jina la mtu mimi sikubali. Kwenye Windows shikilia Alt na uandike kwa namba za pembeni: 0201 inatoa É, 0200 È, 0192 À, 0199 Ç, 0140 Œ. Kama laptop haina namba za pembeni, nakili toka kwenye simu ubandike.

Ukitaka kulala usingizi, chukua polisi za familia ya Noto, au Gentium na Charis. Hizi mbili za mwisho zilichorwa na watu wanaojua lugha zetu, zina hata ɛ na ɔ za wanaoandika Kilingala kwa usahihi. Zote zinatolewa kwa leseni huria ya SIL, unaruhusiwa kufanyia biashara. Nyingine nyingi mtandaoni ni bure kwa matumizi binafsi tu, na mwaliko wa kulipwa si matumizi binafsi.

Tukiwa hapo kwenye ng'ombe: polisi nyingi zinaacha shimo baada ya g. Ndani ya Photoshop, weka kishale cha kuandikia kati ya g na alama, shikilia Alt, bonyeza kitufe cha mshale wa kushoto mara mbili tatu. Kwenye neno dogo huoni tofauti, kwenye NG'OMBE ya banderoli utaona.

---

MtotoWaIlala

Hii ya ng'ombe nimeijaribu sasa hivi. Mkuu unajua kazi. Na Kiswahili chetu kirefu hiki unakiwekaje kwenye kisanduku? Mimi kila nikinyoosha kingo zote mbili natoa matundu kama nyavu.

---

KalkeYaJuu

Kwa sababu "tunawakaribisheni" ni neno moja, na Kiingereza kingeweka matatu manne pale. Programu hizi hazikuzaliwa kwetu. Mimi sinyooshi kingo mbili kwenye kisanduku chembamba. Kushoto tu, au katikati kama ni mwaliko.

Halafu zima ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Photoshop inakata kwa sheria ya lugha iliyochaguliwa kwenye paneli, kwa kawaida Kifaransa au Kiingereza, na silabi ya Kiswahili haiijui. Nimewahi kuona "mwen-yezi" kwenye tangazo la msiba, na hakuna aliyecheka maana ni msiba. Ukilazimika kukata, kata mwenyewe baada ya irabu.

Na jueni tofauti ya kubonyeza na kuvuta. Ukichukua zana ya T ukabonyeza mara moja, maandishi yanaenda mbele mpaka yatoke nje ya picha, hayashuki. Ukivuta kisanduku kwanza, yanashuka yenyewe, lakini yakizidi kisanduku yanafichwa. Kwa neno moja la kichwa, bonyeza. Kwa aya, vuta. Banderoli yangu ilikufa kwenye kisanduku.

---

Goma_Chukudu

Mukubwa na maandishi juu ya picha yenyewe? Mteja analeta picha ya Nyiragongo usiku, moto mwekundu, anataka maneno mekundu juu yake. Namwambia nini?

---

KalkeYaJuu

Unamwambia hapana kwa upole, halafu unamwonyesha. Geuza nakala ya faili kuwa ya kijivu. Kama maneno yamepotea, basi rangi zilikuwa zinatofautiana jina tu, mwanga wao ni mmoja. Hilo jaribio linamaliza ubishi na wateja tisa kati ya kumi. Wanaotengeneza kurasa za intaneti wana kipimo: tofauti ya mwanga isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa 1 kwa makubwa.

Dawa ya vijana ni kupakia kila kitu: ukingo mweupe mnene, kivuli, mng'ao, na herufi zilizovimba kama mandazi. Chagua kimoja. Mimi napenda kuweka mstatili mweusi kati ya picha na maandishi, uwazi wake kama asilimia 50, au mteremko unaotoka mweusi chini hadi wazi juu. Moto wa mlima unabaki, maneno meupe yanasomeka. Ukiweka ukingo ndani ya Photoshop, uweke nje ya herufi. Ukiuweka ndani unakula herufi yenyewe, na polisi nyembamba inabaki mifupa.

---

Katuba243

Njo vile. Huku Lubumbashi tuna Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya Zaire miaka ya 1970, maelezo akaandika kwa brashi ndani ya picha yenyewe. Ukitazama, maneno yana mahali pake, hayakanyagi uso wa mutu. Sisi wa kompyuta tunaandika juu ya kipaji cha bwana harusi.

Nauliza tena: nikituma kazi kwa WhatsApp, maneno mekundu yanakuwa na ukungu. Meupe hayana shida. Kwa nini mekundu tu?

---

KalkeYaJuu

Papa, umenifurahisha, hili watu wengi wanaliona bila kuliuliza.

WhatsApp inaibana picha yako upya kuwa JPEG. Sasa JPEG ina ujanja: jicho la binadamu linaona mwanga vizuri kuliko rangi, basi inahifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi mara nyingi inazipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Pikseli nne zinagawana rangi moja. Herufi nyeupe juu ya nyeusi tofauti yake ni mwanga, inapona. Herufi nyekundu juu ya buluu au juu ya nyeusi tofauti yake sehemu kubwa ni rangi, kwa hiyo ukingo wake unachafuka. Na kila mtu anayeipakua na kuihifadhi upya anaongeza uchafu.

Hifadhi kama PNG, na umtumie mteja kama dokumenti, si kama picha. Kwa ile ya hali ya WhatsApp, fungua faili ya pikseli 1080 kwa 1920 tangu mwanzo, uache nafasi juu na chini ambako jina na kisanduku cha kujibu vinafunika. Nyekundu ukiilazimisha, iwe juu ya nyeupe.

Walio na simu tu: PixelLab inakubali faili za polisi za TTF na OTF ulizopakua, sio lazima ukae na zile zake. Na ukiwa na kompyuta ya kuazima, Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na kusoma PSD, ila polisi yako uipakie na hapo pia.

---

MgeniWaUzi

Kaka naomba msaada, nina atestasyo (cheti) ya masomo, nataka kubadilisha mwaka tu. Herufi zile zinaitwaje?

---

KalkeYaJuu

Hapana.

---

MamaMialiko

😂😂 Nilijua atakuja. Mdogo wangu, la mwisho nikuache ulale: mialiko 350, kila mmoja na jina la mwalikwa. Naandika moja moja hadi saa nane usiku.

---

KalkeYaJuu

Yaya, usiku wako urudishe. Andika majina kwenye jedwali, safu moja, mstari wa kwanza uwe jina la safu, mfano "mwalikwa". Hifadhi kama maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato. Ndani ya Photoshop, kwenye menyu ya picha kuna vigeu (variables): chagua kalke ya jina, kigeu chake kiite "mwalikwa" vilevile, kisha ingiza lile jedwali. Halafu unatoa seti zote kuwa faili. Zinatoka PSD 350, usishtuke, unazipitisha zote kwenye skripti ya kuchakata picha zitoke JPEG ukiwa unapika.

Kabla hujatoa, pitia majina matatu: refu kuliko yote, fupi kuliko yote, na lenye alama nyingi. Refu likitoka nje ya mstari, punguza ukubwa wa kalke nzima, si wa jina hilo peke yake. La sivyo "Bwana na Bibi" wa familia moja wataonekana wadogo kuliko jirani zao, na mwaliko hautasomwa kama kosa la kompyuta.

---

MamaMialiko

Jina refu limetoka nje kweli. Lina herufi 41. Nipunguze au nimpigie simu?

---

KalkeYaJuu

Kisanduku cha mistari miwili, yaya. Jina la mutu halipunguzwi.